Waliokuja Kumsikiliza na Kuponywa

Wainjili watatu wanasimulia siku moja kando ya ziwa la Galilaya, na kila mmoja anamwona Yesu akiutendea umati uleule jambo lake. Marko anasema kwamba aliposhuka chomboni na kuona watu wengi, aliwahurumia kwa kuwa walikuwa kama kondoo wasio na mchungaji, akaanza kuwafundisha mambo mengi. Mathayo anaanza na huruma ileile lakini anaimalizia kwingine: akawaponya wagonjwa wao. Luka anayaweka yote mawili katika pumzi moja, kwamba aliwakaribisha, akasema nao habari za ufalme wa Mungu, na wale waliohitaji kuponywa akawaponya. Kuhusu jioni yake hawatofautiani: mikate mitano, samaki wawili, wanaume wapatao 5,000 walioketi kula, na vikapu 12 vya mabaki. Mathayo peke yake ndiye anayekumbuka kusema kwamba wanawake na watoto hawakuwamo katika hesabu hiyo.

Nimekuwa nikizisoma sura hizo tatu sambamba tangu kanisa letu la mtaa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, liliponiingiza katika kamati ya kampeni ya injili ya kiangazi. Kazi yangu ya kawaida ni protokole, yaani mimi ni miongoni mwa wale wanaovaa kitambulisho shingoni na kuwaonyesha watu mahali pa kukaa, kwa hiyo umati ninauona nikiwa ndani yake, jambo ambalo wahubiri hawalipati wakiwa jukwaani. Ninachokiona ni kwamba mji wetu umeyatenganisha yale ambayo Luka aliyaweka pamoja. Tunayo mikutano ambamo watu huponywa, au huambiwa wameponywa, bila kufundishwa neno lolote la kwenda nalo nyumbani. Tunayo pia makanisa ya zamani yaliyoachwa na wamisionari, ambamo watu hufundishwa vizuri kabisa, lakini mgonjwa huombewa kwa sentensi moja ndani ya maombi ya jumla, kisha huachiwa daktari. Makutano ya Injili hayakuwahi kuulizwa yachague upande.

Tuwatazame kwanza watu wenyewe. Katika sura ya sita Luka anataja walikotoka: Uyahudi wote, Yerusalemu, na pwani ya Tiro na Sidoni, na anasema wazi kwamba walikuja kumsikiliza na kuponywa magonjwa yao. Marko anaongeza Idumaya na ng'ambo ya Yordani. Tiro na Sidoni ni miji ya Foinike, iliyoko leo nchini Lebanoni, na wengi wa wakazi wake hawakuwa Wayahudi. Yerusalemu iko zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Kapernaumu, mji wa kando ya ziwa la Galilaya, mwendo ambao kwetu ungekuwa ule wa kutoka Uvira na kupanda milima ya Ngomo kwa miguu hadi Bukavu, tena huku umebeba mgonjwa. Mathayo anaorodhesha waliobebwa: wenye maumivu ya kila namna, wenye pepo, wenye kifafa, wenye kupooza. Nimewasikia wahubiri wengi wakiusema umati huo kana kwamba ulikuwa wa wadadisi waliofuata maajabu, na ni kweli kwamba Yohana anawapa silaha, kwa maana katika sura yake ya sita Yesu anawaambia watu usoni kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba. Hata hivyo sioni mtu anayembeba ndugu yake aliyepooza siku kadhaa kwa udadisi. Na mwenye njaa anayemtafuta aliyemlisha hajatenda dhambi kubwa.

Kati ya watu wote hao, yule mwanamke wa Marko sura ya tano ndiye ninayemfahamu zaidi, kwa sababu nakutana naye katika kila kampeni. Marko anaisimulia hali yake kwa ufupi wa muuguzi anayekabidhi zamu: kutokwa damu miaka 12, matabibu wengi, mateso mengi mikononi mwao, mali yote imekwisha, nafuu hakuna, hali imezidi kuwa mbaya. Luka, ambaye Waraka kwa Wakolosai unamwita tabibu mpendwa, anakiri kwamba hakuna aliyeweza kumponya, lakini hasemi kwamba matabibu walimzidishia ugonjwa. Huenda alikuwa akiwasitiri wenzake wa kazi. La muhimu ni kwamba mwanamke huyo hakuanzia kwa Yesu. Alianzia kwa matabibu, akalipa, akalipa tena, na siku aliyoingia katika msongamano ule hakuwa na kitu cha kulipa.

Anayeishi Bukavu hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Kwetu mgonjwa hulipia kila hatua, kuanzia kuandikishwa hadi glovu za daktari, na aliyekwisha kupona anaweza kuzuiliwa wodini wiki nzima mpaka ndugu wachange. Mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mnamo Februari 2025 na benki zikafunga milango, hata waliokuwa na akiba waliitazama kwa mbali. Kwa hiyo watu wanaojaa uwanjani si watu wanaoidharau hospitali, kama wanavyodhani baadhi ya wasomi wetu. Wengi wao wanatokea huko.

Katika kampeni moja pale Kadutu, mtaa wa mji wetu, mama mmoja aliketi upande wangu akiwa amempakata mtoto wa kiume aliyekuwa akipumua kwa haraka, na mbavu zake zikibonyea kila alipovuta hewa. Alipofungua Biblia yake, niliona katikati ya Zaburi ordonansi, yaani karatasi ya kuandikiwa dawa, iliyokunjwa mara nne, yenye muhuri wa kituo cha afya. Nilimuuliza kama dawa zimekwisha kununuliwa. Alinijibu kwa adabu, bila kuniangalia machoni: «Papa, siro ya kunywa nimenunua. Zimebaki sindano. Nimekuja Mungu anisaidie hizo zilizobaki.» Wakati huo jukwaani walikuwa wakiitwa wenye ushuhuda, na maagizo tuliyopewa sisi protokole yalikuwa kwamba viti vya mbele ni vya wenye ushuhuda, na wagonjwa wasubiri nyuma ya kamba mpaka watakapoitwa. Tulichanga, mimi na wenzangu wawili, mama akapanda pikipiki kwenda kumchomesha mtoto sindano. Kabla ya kuondoka aliniomba nimwandikie sura ambayo mhubiri angesoma, ili aisome mwenyewe usiku. Nikashindwa kumjibu, kwa sababu hapakuwa na sura yoyote iliyopangwa. Programu niliyokuwa nayo mkononi iliandika sifa, ushuhuda, sadaka, maombezi.

Mama yule hakuwa na ugomvi wowote kati ya sindano, maombi na sura ya kusoma. Ugomvi huo tumeuleta sisi tunaopanga mikutano, na si wa jana. Daktari Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akimfuata baba yake kwenda kuwaombea wagonjwa, na jinsi siku moja alivyomuuliza kwa nini anaomba tu bila kutoa dawa. Baba alimjibu kwamba yeye si daktari. Mtoto akaamua kuwa daktari. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, upande wa kusini wa mji huu, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi yake ya kuwatibu wanawake waliobakwa vitani. Jambo ninalolipenda katika masimulizi hayo ni kwamba baba hakudai kuwa na kile asichokuwa nacho, na mwana hakuyacheka maombi ya baba. Mukwege mwenyewe amekuwa mhubiri pia.

Turudi kwa Mathayo, kwa sababu ndiye aliyelipanga jambo hili kwa makini kuliko wote, na sijui kwa nini halihubiriwi. Mwishoni mwa sura ya nne anaandika kwamba Yesu alizunguka Galilaya yote akifundisha katika masinagogi, akihubiri habari njema ya ufalme na kuponya magonjwa na udhaifu wa kila namna. Kuelekea mwisho wa sura ya tisa anairudia sentensi hiyo karibu neno kwa neno. Kati ya sentensi hizo mbili ameweka sura tatu za mafundisho, yaani hotuba ya mlimani yote, na kisha sura mbili za uponyaji: mwenye ukoma, mtumishi wa akida, mkwewe Petro, waliopagawa wa ng'ambo, aliyepooza, binti wa yule mkubwa, vipofu wawili, bubu. Mpangilio huo si wa bahati. Anayesoma sura ya nane bila kuipitia ya tano amefika mkutanoni wakati watu wanafunga viti. Na anayesoma ya tano na kuishia ya saba, akatoka na maadili mazuri mfukoni, amemwacha mwenye ukoma amesimama chini ya mlima, kwa sababu Mathayo anamleta mtu huyo mara tu Yesu anaposhuka.

Hata mahali ambapo uponyaji unaonekana kulikatiza fundisho, fundisho halikomi. Kapernaumu ilijengwa kwa mawe meusi ya volkano, yanayofanana na yale wanayojengea ndugu zetu wa Goma, na wachimbuaji wamekuta huko nyumba za vyumba vidogo vilivyozunguka nyua nyembamba. Ni rahisi kuelewa jinsi mlango wa nyumba kama hiyo ulivyoweza kuzibwa na watu mpaka wale wanne waliombeba mwenye kupooza wakalazimika kupanda juu. Marko anasema walilitoboa dari kwa kuchimba, maana lilikuwa la udongo uliosiribwa juu ya boriti na matawi. Udongo ukaanguka juu ya watu waliokuwa wakisikiliza, kwa kuwa Yesu alikuwa katikati ya kufundisha. Hakukasirika, wala hakusema wasubiri nyuma ya kamba. Lakini pia hakuanza na miguu ya yule mtu. Alianza na dhambi zake, akazua ubishi na waandishi waliokuwa wameketi pale, na mgonjwa akalazimika kuusikiliza ubishi wote akiwa amelala kwenye godoro lake kabla ya kuambiwa asimame. Kwa maneno mengine, alipona katikati ya somo, na yeye mwenyewe akawa sehemu ya somo hilo.

Kuna asubuhi moja katika Marko sura ya kwanza ambayo wenye kuandaa kampeni hawaipendi. Usiku uliotangulia mji mzima ulikuwa umekusanyika mlangoni na wengi wameponywa. Alfajiri Yesu anaondoka peke yake kwenda kuomba mahali pasipo na watu. Simoni anamfuata na kumpa habari ambayo kwa kamati yoyote ingekuwa njema: watu wote wanakutafuta. Anamjibu kwamba waende vijiji vya jirani akahubiri huko pia, kwa maana ndiyo sababu aliyojia. Kapernaumu bila shaka ilikuwa na wagonjwa waliofika asubuhi hiyo wakakuta amekwisha kwenda. Siwezi kuulainisha mstari huo, na sioni vema wanaojaribu kuulainisha. Unachoonyesha ni kwamba hakukubali kufanywa mali ya mlango mmoja, wala kugeuzwa mtu wa kazi moja.

Umati una hatari zake, na Injili hazizifichi. Yesu aliagiza mashua iwekwe tayari asije akasongwa, kwa sababu kila aliyekuwa na ugonjwa alimwangukia ili amguse. Baadaye mashua hiyohiyo ikawa mimbari, yeye akiwa majini na watu nchi kavu, na kutoka humo akawapa mfano wa mpanzi. Baada ya mikate walitaka kumshika wamfanye mfalme, akaukimbilia mlima. Katika Matendo 14, kule Listra, kilema alipotembea watu walimletea Paulo ng'ombe na mashada ya maua wakitaka kumtolea sadaka kama mungu, na kabla sura haijaisha wakampiga mawe na kumburuta nje ya mji. Umati unaotazama uponyaji bila kuelewa fundisho unaweza kupita kutoka mashada hadi mawe katika kurasa chache.

Sisi Wakongo tunao mfano wetu, nao unafundisha kwa upande mwingine. Mnamo Aprili 1921, huko Nkamba katika Kongo ya Chini, katekista Mbaptisti aliyeitwa Simon Kimbangu alianza kuwaombea wagonjwa, na habari zikaenea mpaka wafanyakazi wakaacha kazi zao na kuifuata njia ya Nkamba. Walikwenda na wagonjwa wao, wakakuta pia mtu anayefundisha kuacha hirizi na kuacha wake wengi. Utawala wa Wabelgiji haukuvumilia kusanyiko la Waafrika ambalo haukuliitisha wenyewe. Septemba mwaka huohuo alikamatwa, akahukumiwa kifo, na Mfalme Albert akaibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, miaka 30, akafia humo tarehe 12 Oktoba 1951. Mfuasi aliyekuwa ameyashika mafundisho alibaki nayo hata alipohamishwa kutoka kijijini kwake kwa nguvu, na kanisa lililotokana na miezi hiyo michache lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1969. Mtu anaweza kutofautiana na teolojia yao, nami natofautiana nayo katika mambo makubwa, lakini hawezi kusema kwamba watu wa Nkamba walifuata maajabu tu. Maajabu peke yake yasingevuka miaka 30 ya gereza.

Jambo jingine ninaloliona katika makutano ya Injili ni jinsi mtu mmoja anavyotolewa humo. Kiziwi wa Dekapoli anachukuliwa kando, mbali na watu. Kipofu wa Bethsaida anashikwa mkono na kutolewa nje ya kijiji. Nyumbani kwa Yairo, ambaye binti yake amekufa, waliokuwa wakiomboleza wanaondolewa wote, wanabaki baba, mama na wanafunzi watatu, na msichana anapoinuka agizo linalotoka ni kwamba apewe chakula na habari isienee. Nje ya Yeriko, kipofu Bartimayo anapopaza sauti, wanaomwambia anyamaze ni watu wa msafara wenyewe. Kila nikiusoma mstari huo nahisi kitambulisho changu cha protokole kikining'inia shingoni.

Zaidi ya hayo kuna uchunguzi. Mwenye ukoma wa Marko sura ya kwanza anakatazwa asimwambie mtu, isipokuwa aende akajionyeshe kwa kuhani. Mambo ya Walawi, sura ya 13 na ya 14, yanaeleza kazi ya kuhani huyo: anatazama ngozi na nywele za pale penye kidonda, anamtenga mtu siku saba, anatazama tena. Hakuwa mfuasi wa Yesu, wala hakuwa na faida yoyote ya kusema kwamba mtu amepona. Basi uponyaji wa Yesu mwenyewe ulipelekwa kukaguliwa na mtu wa nje, kabla ya yeyote kuutangaza. Nasi tunampa mtu mikro, yaani kipaza sauti, dakika tatu baada ya kuwekewa mikono! Wapo walioambiwa jukwaani kwamba virusi vya ukimwi vimetoka, wakaacha dawa, na waliowaambia wakaendelea na kampeni katika mji mwingine. Anayeamini kwamba Mungu ameponya hana sababu ya kuiogopa maabara.

Tena Maandiko hayaoni haya kuwataja wasiopona. Paulo, ambaye Matendo 19 inasema leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, anaandika katika Waraka wa pili kwa Timotheo kwamba alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Sentensi moja tu, bila maelezo, wala hasemi kwamba Trofimo alipungukiwa na imani. Timotheo mwenyewe anashauriwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Ndugu zetu Wakatoliki, ambao Biblia yao ina kitabu cha Yoshua bin Sira, wanayo hata sura ya 38 inayoamuru tabibu aheshimiwe na inayosema kwamba Bwana ameziumba dawa kutoka katika ardhi. Sisi Waprotestanti tungeweza kuiazima bila kuhama kanisa.

Katika kikao cha kamati niliomba mambo manne kwa ajili ya kampeni ijayo. La kwanza, sura moja ya Injili ichaguliwe kwa kila siku, isomwe yote kwa Kiswahili na kwa Mashi, lugha ya wenyeji, na ifundishwe kwa saa nzima kabla ya maombezi. La pili, viti vya mbele viwe vya wagonjwa na wanaowauguza. La tatu, awepo muuguzi mwenye meza yake kando ya jukwaa, na sehemu ya sadaka ya kila jioni iende kwenye ordonansi za waliokuja nazo, kwa kuwa aliyewatuma wale kumi na wawili kuponya aliwaambia wamepata bure, watoe bure. La nne, asitoe mtu ushuhuda wa kupona mpaka arudi na karatasi ya daktari. Majadiliano yalikuwa marefu. Viti vimekubaliwa papo hapo, na muuguzi pia, ingawa habari ya sadaka imepelekwa kwa mtunza hazina, ambaye hakuifurahia. Saa nzima ya mafundisho imepunguzwa kuwa dakika 40. Kuhusu karatasi ya daktari, mchungaji wetu aliniuliza nani atalipia hicho kipimo cha pili, na swali hilo limeandikwa katika muhtasari kama ajenda ya kwanza ya kikao kijacho.